Begi la Fundi Aliyekuja kwa Miguu

Siku mliyoniaga ofisini, mmoja wenu aliniuliza nilikuwa nikibeba nini mgongoni miaka ile ambayo idara ya maji ya Turkana ilikuwa na gari moja linalotembea na lori moja linalongoja. Nilimjibu kwamba nilibeba chuma, watu wakacheka, na keki ikakatwa. Jibu hilo halikumtosha, nami nilijua halikumtosha. Sasa nina muda. Nimestaafu mapema, magoti yangu bado yananitii, na sina sababu ya kuharakisha maelezo. Sitaandika juu ya vyeo nilivyopewa wala vile nilivyonyimwa. Hayo yamo kwenye majalada na hayajawahi kumfungulia mtu bomba. Nitaandika juu ya begi, na juu ya kisima kimoja ambako begi hilo lilinishtua kuliko jambo lolote nililoliona kazini.

Nilifika Lodwar mwanzoni mwa miaka ya sabini, juu ya lori la mahindi kutoka Kitale, nikiwa na shahada ya uhandisi na viatu vya ngozi nilivyonunuliwa kwa ajili ya mahafali. Mimi ni mtoto wa Rabai; joto nilidhani nalijua. Joto la Rabai lina unyevu na adabu. La Lodwar lilinisimamisha pale pale niliposhukia, kama mtu aliyesukumwa kifuani, na kabla sijafika kwenye mlango wa karakana soli ya kiatu cha kushoto ilikuwa imebanduka. Mzee aliyekuwa amekaa juu ya tairi akaitazama ile soli, si uso wangu.

“Gundi ya Nairobi,” akasema. “Haijazoea. Na wewe?”

Huyo ndiye Mzee Barasa, fundi mkuu, mtu wa Bungoma aliyekuwa amekaa Turkana muda mrefu kiasi kwamba alisalimia kila mtu kwa “ejok” hata alipokwenda kwao likizo. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Chuo kikuu kilinifundisha jinsi maji yanavyopanda. Barasa alinifundisha kwa nini hayapandi.

Katika wiki ile ya kwanza alinionyesha sanduku la vifaa. Lilikuwa sanduku la chuma lililohitaji watu wanne kulinyanyua na wa tano kuwahimiza. Ndani mlikuwa na spana za kufungulia vichwa vya treni, mashine ya kukatia hesi za mabomba iliyokuwa na uzito wa mbuzi aliyekomaa, na minyororo. Sanduku lilisafiri kwa lori. Lori lilisafiri mto Turkwel ulipokubali, na mito ya mchanga ilipokuwa mikavu, na dizeli ilipofika. Nilimuuliza Barasa ni pampu ngapi zilizokufa wakati huo. Akataja majina ya mahali, moja baada ya jingine, kwa sauti ya mtu anayewakumbuka marehemu. Pampu ya mkono karibu na ghuba ya Ferguson ilikuwa imekaa tangu kabla ya mvua kwa kukosa kipande cha ngozi ya pistoni, kitu cha mviringo kinachoingia katika mfuko wa shati.

Sikuamini. Niliuliza kwa nini asitumwe mtu na hiyo ngozi mfukoni.

“Atumwe,” Barasa akasema. “Akifika aifungue pampu kwa nini, injinia? Kwa meno?”

Begi lilizaliwa kutokana na swali hilo. Nilinunua mkoba wa turubai, wa mgongoni, wa askari fulani aliyekuwa amechoka na uaskari, katika duka la mjini. Fedha za idara hazikuwa na fungu la mikoba, kwa hiyo ilitulazimu kutafuta kila kitu katika marundo ya nyuma ya karakana, na ninyi mnaotengewa mafungu ningependa mjue kwamba marundo yale yalikuwa ghala bora kuliko ghala lenyewe. Tindo tuliifua kutoka kwenye springi ya lori iliyovunjika. Msumeno wa chuma tuliiacha fremu yake, tukachukua mkanda wenye meno peke yake na kuufunga kitambaa upande mmoja uwe mpini. Nyundo tulibeba kichwa tu. Mpini ungechongwa njiani, maana miti ya miiba haikosekani. Tupa mbili, moja bapa na moja ya mviringo, tulizikata mikia. Spana moja ya kurekebisha, ile ambayo mafundi huiita spana malaya kwa kuwa haimkatai yeyote, ilichukua nafasi ya spana kumi. Barasa alikuwa na kanuni: kila kifaa kinachoomba kuingia kitaje kazi zake mbili. Chenye kazi moja kilirudi kwenye sanduku. Bisibisi ilikubaliwa kwa sababu ilitoboa makopo pia. Jiliwa dogo la mkononi, la kubania chuma wakati wa kukipiga tupa, lilikubaliwa baada ya mabishano. Keekee ndogo ya kutobolea nayo iliingia, na springi kadhaa za vali, waya, mpira wa tyubu, nyuzi za katani, kopo la grisi, na nondo nyembamba ya chuma, yenye urefu wa mkono, ya kutengenezea chochote kitakachokosekana.

Nilipodhani tumemaliza, Barasa alinivisha begi saa ya jua kali na kunituma kutoka karakana hadi ukingo wa mto na kurudi. Nilirudi nikiwa nimelowa.

“Umetukana nini njiani?” akauliza.

“Spana ya bomba.”

“Toa. Kitu unachokitukana Lodwar utakitupa Kakuma.”

Mahali pa spana ya bomba tukaweka kipande cha mnyororo wa baiskeli kilichofungwa kwenye ncha ya fimbo ya chuma. Ukiuzungusha mnyororo kwenye bomba na kuivuta fimbo, bomba linazunguka. Nimestaafu nikiwa bado nao. Vifaa vingi vya bei ghali vimepita mikononi mwangu na kwenda zao.

Pampu ya ghuba ya Ferguson niliifufua kwa alasiri moja. Nilipanda lori la samaki kwenda Kalokol, nikatembea sehemu iliyobaki, nikabadilisha ngozi, maji yakatoka. Nilijisikia mkubwa. Nasema hivi ili mwelewe nilikuwa mtu wa namna gani nilipopanda lori la kwenda Kakuma muda mfupi baadaye: nilikuwa mtu aliyeamini kwamba tatizo la maji la wilaya nzima lilikuwa tatizo la uzito.

Kakuma ya wakati ule ilikuwa maduka machache kando ya mto wa mchanga wa Tarach, kituo cha polisi, misheni, na vumbi la watu waliokuwa wakipita. Tulikuwa tumepata habari kwamba pampu ya kisima kimoja kaskazini, njia ya kuelekea Nadapal kwenye mpaka wa Sudan, ilikuwa imekufa. Afisa aliyekuwa akipita ndiye aliyeiona. Jina la mahali hapo sitalitaja. Walioishi pale wana haki ya kutotajwa. Idara ilikuwa na mtunza pampu aliyekaa Kakuma, mtu mwembamba na mpole aitwaye Lokwang, Mturkana wa huko huko, na yeye ndiye aliyepaswa kunipeleka. Nilipomwonyesha begi alilizunguka mara mbili.

“Lori iko wapi?” akauliza.

“Hakuna lori. Hili ndilo lori.”

“Wewe nabeba hii mgongo mpaka kule? Kwa miguu?”

“Kwa miguu.”

Akatazama chini. Nilidhani anaionea huruma miguu yangu. “Haya,” akasema. “Mimi nimesema lori.”

Tulitembea. Lokwang alizungumza kidogo, na kila nilipomuuliza pampu ina ugonjwa gani alijibu kwamba pampu haina nguvu. Tulifika wakati mbuzi wanarudishwa. Kisima kilikuwa kimesimama peke yake, mpini wa pampu umelala kama mkono wa mtu aliyezirai, na mbali kidogo, katika mchanga wa mto, wanawake walikuwa ndani ya mashimo waliyoyachimba, kila mmoja na shimo lake, wakichota kwa kibuyu maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Walikuwa wametawanyika sana. Niliona jambo hilo na sikulifikiria.

Nikafanya kama Barasa alivyonifundisha: kabla ya kugusa pampu, mtandikie mgonjwa. Nilitandaza ngozi ya mbuzi niliyopewa na kuvipanga vifaa vyangu. Tupa, jiliwa, keekee, springi, nondo, tindo.

Wanaume waliokuwa wamekaa wakasimama. Walikuja polepole, wakachuchumaa kuzunguka ile ngozi, na kimya chao kilikuwa cha heshima ambayo sijawahi kuonyeshwa na mkuu yeyote wa idara. Mmoja wao, mtu wa makamo mwenye kisu cha duara alichokivaa kwenye kifundo cha mkono, akachukua springi moja, akaibana kwa vidole, akaiachia, akatabasamu. Jina lake lilikuwa Ekuwam, na boma lile lilikuwa lake. Akasema neno, na mtu mwingine akaenda kuchinja mbuzi.

Nilitokwa na kiburi chote na kubaki na machozi karibu. Nilifikiri, hawa watu wamengoja maji kiasi hiki. Nyama ilipowekwa motoni, Ekuwam akaenda nyuma ya kibanda na kurudi amebeba kitu kirefu kilichofungwa katika ngozi. Akakiweka mbele yangu, juu ya vifaa, akakifungua.

Ilikuwa bunduki. Nyuma yake watu wawili wengine walikuwa wamebeba mafurushi kama hilo.

Nakumbuka nilimtazama Lokwang, na Lokwang akatazama moto.

“Lokwang, waambie mimi ni fundi wa pampu.”

“Wanajua sasa,” akasema. “Mbele hawajui. Fundi ya serikali nakuja na lori. Fundi ya bunduki nakuja na miguu, na begi hapa.” Akagusa bega lake. “Yule anatoka upande ya Nadapal. Tangu mvua hajakuja. Wamengoja yeye.”

Nikaviangalia vifaa vyangu upya. Jiliwa dogo. Tupa zilizokatwa mikia. Keekee. Springi. Chuma cha akiba. Tulikuwa tumetumia majuma, mimi na Barasa, kupunguza kila kisichohitajika, na tulipomaliza kupunguza tulikuwa tumebakiwa na karakana ya bunduki. Na jambo lililonitisha zaidi ni hili: niliitazama ile silaha kwa jicho la fundi, nikaona springi yake imekatika, na nikajua kwamba moja ya springi zangu, ikikatwa kidogo, ingeingia.

Mazungumzo yaliyofuata yalikuwa ya Kiturkana. Nayaandika kwa Kiswahili cha Lokwang, maana ndicho kilichonifikia.

“Tengeneza,” Ekuwam akasema.

“Siwezi. Mimi ni mtu wa serikali. Nikiigusa hiyo nitafungwa.”

Ekuwam akageuza kichwa, akatazama mashariki, akatazama magharibi, kama mtu anayemtafuta ngamia. “Serikali iko wapi?”

“Iko Kakuma.”

“Kakuma iko mbali. Adui iko karibu.”

“Hata hivyo siwezi.”

Nilingoja hasira. Mkono wangu, naukumbuka, ulikuwa juu ya kichwa cha nyundo kisicho na mpini, na hata wakati ule niliona upuuzi wake. Hasira haikuja. Mahali pale mtu huomba waziwazi na hukataliwa waziwazi, na hakuna anayekufa kwa kuambiwa hapana. Ekuwam aliifunga bunduki yake taratibu.

“Hiyo mbuzi ilikuwa ya ule fundi mwingine,” akasema. “Lakini imekufa tayari. Kula.”

Nilikula. Baada ya hapo, kwa kuwa bado palikuwa na mwanga na sikujua la kufanya na mikono yangu, nikaiendea pampu. Niliifungua kwa tahadhari ya mtu anayetarajia uozo. Ngozi ya pistoni ilikuwa nzima, imepakwa grisi. Vali zilikuwa safi. Fimbo ilikuwa imenyooka. Kilichokosekana ni bolti moja, ile inayounganisha mpini na fimbo, na tundu lake lilikuwa safi bila mkwaruzo. Hakuna aliyeivunja. Ilikuwa imefunguliwa kwa spana, na mtu aliyejua kazi.

Spana ya aina hiyo, katika nchi yote ile, alikuwa nayo mtu mmoja.

Lokwang alitia mkono katika mfuko wa kaptura yake ya serikali, akatoa bolti na nati yake, akaviweka kiganjani mwangu. “Mimi nilitoa,” akasema. “Wao waliniambia toa. Mimi nikatoa.”

“Watu wenu wanakunywa tope, na bolti iko mfukoni mwako?”

Kabla hajajibu, mwanamke mmoja alikuwa ametoka shimoni na kibuyu chake kichwani, akasimama karibu. Huyu alikuwa Nakiru, mke wa Ekuwam, shanga zimemfika kidevuni. Alikuwa ameiona bolti.

“Irudishe,” akamwambia Lokwang. “Watoto wanaendesha tumbo. Huyu mume wangu anaogopa maji.”

“Mimi siogopi maji,” Ekuwam akasema. “Mimi naogopa mtu anakuja kunywa.”

“Bunduki yako imekufa kama pampu. Umelala katikati ya maiti mbili na unajiita mwenye boma.”

Wanaume wakacheka, na Ekuwam akacheka pia, lakini akanigeukia mimi, akanieleza kwa subira kama anayemweleza mgeni asiyejua mlango uko wapi. Pampu ikifanya kazi, mifugo ya kila mtu hukusanyika hapa. Mifugo ikikusanyika, habari hufika mpakani. Wanaotoka mpakani huja, hunywa hapa, hunywesha wanyama walioiba, hulala hapa, wana nguvu ya kwenda mbele. Bunduki zikiwa nzima, watu hulinda kisima. Zikiwa zimekufa, kisima huwalinda wezi. Kwa hiyo bunduki zilipokufa waliiua pampu. Wakachimba mashimo madogo, mbali mbali, yasiyoweza kunywesha kundi la mtu yeyote, wala la adui.

Nilikaa chini. Nilikuwa nimesoma juu ya kina cha visima, mtiririko, msuguano katika mabomba. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba watu wenye akili timamu wanaweza kukaa kando ya maji safi, wakachagua tope, na wakawa na hesabu inayosimama. Nilitafuta kosa katika hesabu ile. Nimeitafuta kwa miaka mingi baadaye.

Ningerudisha bolti, Lokwang angeitoa tena nikigeuka. Ningeondoka nayo, Nakiru angerudi shimoni. Nilimuuliza Ekuwam, kupitia Lokwang, kama tatizo ni kwamba pampu ikishatiwa bolti haifunguki upesi.

“Lokwang anakaa Kakuma,” akasema. “Adui hangoji Lokwang.”

Nikachukua nondo. Niliibana katika jiliwa, nikakata kipande kwa ule mkanda wa msumeno, nikakipiga tupa mpaka kikaingia katika tundu la bolti bila kulegea. Ncha moja niliipinda kwa nyundo iwe ndoano ya kushikia kidole. Ncha nyingine niliitoboa kwa keekee, nikapitisha waya unaofungwa kwa mkono, ili isichomoke yenyewe wakati wa kupampu. Pini hiyo haikuhitaji spana. Nikaitia. Nakiru hakungoja kuambiwa. Alishika mpini, akapampu, na baada ya kukohoa kwa muda pampu ikatoa maji. Hakuna aliyeshangilia. Alikinga kiganja, akanywa, akaendelea kupampu huku watoto wakija mbio na chochote kilichoweza kubeba.

Ekuwam akamsogeza pembeni. Akafungua waya, akachomoa pini. Mpini ukaanguka, maji yakakoma. Akairudisha, yakaja. Akaichomoa. Akachukua kijiti, akakitia tunduni mahali pa pini, akauvuta mpini. Kijiti kikakatika papo hapo. Akajaribu ncha ya mkuki wake; haikuingia. Akaigeuzageuza ile pini kiganjani, akasema kwamba fundi wa Nadapal hajui kutengeneza kitu kama hiki. Nilidhani hilo lilikuwa ndilo neno la mwisho. Nilianza kuvikusanya vifaa vyangu.

Lakini Ekuwam hakuivaa pini yeye mwenyewe. Alikata ukanda wa ngozi, akaupitisha kwenye ndoano, akamvika mkewe shingoni, chini ya shanga.

“Kaa nayo wewe,” nikamwambia. “Wewe ndiye mwenye boma.”

Ekuwam akajibu, na Lokwang akatafsiri.

“Anasema wakija, yeye anakwenda mbele kwao na hiyo bunduki mbovu. Wao hawajui ni mbovu. Kwa hiyo yeye anakufa kwanza. Huyu mwanamke anachomoa, anakimbia na watoto. Wakifika hapa, hakuna maji.”

Ekuwam alisema hayo kama mtu anayepanga nani ataswaga mbuzi kesho. Nakiru aliyasikia bila kubadilika uso. Aliishika pini kifuani, akaipima uzito, kisha akaniuliza swali, na Lokwang akaligeuza kwa sauti ya chini.

“Anasema, na yeye akikufa, maji nani anarudisha?”

Binti yao mkubwa alikuwa amesimama nyuma ya mama yake na ndoo iliyojaa, akiniangalia mikono. Niliifungua tena ile ngozi, nikabana nondo, nikakata ya pili. Ilipokamilika, Nakiru akamvisha binti. Kisha akamwita mwanamke mwingine kutoka mtoni, jirani, na kunionyesha kwa kidole kipande kilichobaki. Nikakata. Wakaja wengine, mmoja mmoja, kila mmoja akitoka katika shimo lake, wakasimama katika mstari bila kusukumana. Nilikata mpaka nondo ikaisha, na hakuna aliyeniambia imetosha.